Muhula wangu wa Ujerumani niliusomea jikoni

Kuna mdogo wangu mmoja wa mtaani kapata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, anaenda Ulaya muhula mmoja, juzi kaja kuniuliza dada wewe kule ulikuwa unaishije. Nikacheka kwanza. Maana mimi nilienda Ujerumani Machi 2020, na ukimwambia mtu ulienda kusoma nje Machi 2020 anakuangalia hivi halafu anasema ahaa, yaani ulienda kufungiwa. Ndiyo, nilienda kufungiwa, lakini nilisoma pia, na cheti cha matokeo ninacho. Basi ngoja niandike hapa nilivyopita, nisiwe narudia rudia.

Nilitua Frankfurt wiki ya kwanza ya Machi, nikapanda treni mpaka Nürnberg, nikabadilisha, saa nyingine moja hivi mpaka kamji kamoja kadogo kaskazini mwa jimbo la Bavaria. Baridi ile sitaki hata kuielezea. Nilikuwa na koti la mtumba la soko la Karume, sembe kilo mbili ndani ya begi, na vitenge vinne vya zawadi kwa wenyeji wangu, maana mama alisema huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Muhula wenyewe ulikuwa uanze Aprili, mimi niliwahi kwa ajili ya kozi ya Kijerumani. Tukasoma kama wiki moja tu. Ijumaa tarehe 13 mwalimu akatuaga vizuri tuonane Jumatatu, Jumatatu hatukuonana, na wale wanafunzi wenzangu wa darasa lile mpaka leo sijawaona tena ana kwa ana hata mmoja. Kuna msichana alikuwa kaniazima kalamu. Kalamu yangu imebaki Ulaya.

Tarehe 21 Bavaria wakafunga. Hutoki nje bila sababu ya maana, yaani kazi, dukani, hospitali, au kunyoosha miguu peke yako au na unaokaa nao nyumba moja. Na wiki hiyohiyo nyumbani nako mgonjwa wa kwanza katangazwa Arusha tarehe 16, vyuo vikafungwa. Hapo ndipo barua pepe ya wafadhili ikaingia: anayetaka kurudi kwao arudi, anayetaka kubaki abaki, boom, yaani hela ya kujikimu, linaendelea kwa anayebaki, jibu ndani ya siku chache. Jamani. Una miaka 22, umekaa kwenye kitanda ambacho hata shuka zake hujazizoea, unaambiwa uamue.

Mama alitaka nirudi. Baba akasema aulizwe mwenyewe, ambayo kwa baba ni namna ya kusema sitaki lawama. Mimi nikachukua karatasi. Nikirudi, chuo cha nyumbani kimefungwa, cha huku nimekiacha, kwa hiyo sisomi popote. Laptopu ninayo ila kwetu Tanga kwa bando la simu darasa la vidio la saa moja na nusu ni hela ya kula siku mbili. Boom limekwenda. Lakini kilichonibakiza hasa ni bibi. Bibi ana pumu na analala chumba kimoja na mimi nikiwa nyumbani. Kutoka hosteli mpaka Tanga ni treni mbili, ndege mbili na basi, huko kote nimekaa na watu, halafu niende nikalale pembeni yake? Nikamwambia mama hivyo hivyo. Akanyamaza, akasema haya mwanangu, Mungu akutunze huko huko.

Wiki tatu zilizofuata nilikuwa mtu wa hovyo. Nalala saa nane za usiku, naamka mchana, nasoma habari za vifo Italia, nalala tena. Sembe ikaisha. Nikaenda dukani nikakuta rafu ya unga iko tupu, ya tambi tupu, hamira hakuna, na ya karatasi za chooni ndo kabisaa, watu wamekomba. Hiyo ya chooni nilicheka peke yangu mle ndani, maana mimi na kopo langu hatukuwa na shida na mtu. Wazungu nchi nzima wanahangaika na karatasi, mtoto wa Tanga anajaza kopo lake maji anaendelea na maisha.

Unga ndo ulinitesa. Siku moja nikabahatika, nikakuta pakiti za mahindi ya chengachenga, yale ya njano, nikabeba tatu. Kumbe pameandikwa mlangoni kwamba kila mtu pakiti moja, Kijerumani changu kilikuwa cha kuuliza choo kiko wapi, sikusoma. Dada wa keshia anaziondoa mbili huku ananieleza kitu, barakoa hakuna bado kipindi kile ila kuna kioo cha plastiki katikati, simsikii, foleni nyuma inaniangalia, bibi mmoja mzee ananiambia Abstand, Abstand, yaani nikae mita moja na nusu, na mimi nimerudi nyuma kwa aibu tu nikamkaribia yeye. Nilitoka pale machozi yananilenga. Kwa ajili ya unga!

Usiku ule nikasonga ugali wa njano. Nikampigia bibi vidio nimwonyeshe, akakaza macho kwenye simu, akasema, "We mtoto, huo si unga wa Yanga ule wa enzi za njaa? Ulaya ndo mnakula hicho?" Akacheka mpaka akakohoa. Na hapo hapo jikoni akaingia dada mmoja wa Kameruni anayekaa chumba cha tatu kutoka kwangu, ambaye tulikuwa tunasalimiana tu kwenye kolido, akauliza hicho ni nini, nikamwambia kaa. Akaenda kuleta mchuzi wake wa karanga friji ya juu. Kuanzia siku ile sikula tena peke yangu chumbani.

Sasa nikija kwenye kusoma kwenyewe. Muhula ulisogezwa ukaanza tarehe 20 Aprili, yote kwa Zoom. Nilichukua kozi tatu zinazofundishwa kwa Kiingereza. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naingia, nafunga kamera, narudi kitandani na laptopu tumboni. Najua wengi mmefanya, msijifanye. Shida ni kwamba darasa la kawaida hata usipoelewa unamwangalia jirani, unachungulia daftari lake, mkitoka unamuuliza. Zoom haina jirani. Kuna vile vimraba vyeusi vyenye majina, basi. Na mimi mtu akiniuliza swali la ghafla kwa Kiingereza mbele ya watu ulimi unakuwa ubao, kwa hiyo nilikuwa nasali tu nisiitwe.

Wiki ya tatu mwalimu wa semina moja akaniandikia, mistari miwili tu, anauliza kama bado niko nao na kama kuna kitu ananisaidia. Nilikaa na ile barua siku nzima. Kwetu mwalimu akikuandikia maana yake umekwisha. Jioni nikamjibu ukweli, kwamba nimeachwa, makala za wiki mbili sijasoma, nikifungua maikrofoni sauti haitoki. Akajibu akanipangia dakika 20 kila Alhamisi, mimi na yeye tu. Na akanipa ujanja ambao naugawa bure: andika sentensi yako kwenye karatasi kabla hujafungua maiki. Moja tu. Ukishaisoma hiyo ya kwanza, ya pili inakuja yenyewe. Nilifanya hivyo muhula mzima, vile vikaratasi nilikuja kuvikuta chini ya kitanda siku nafungasha.

Ujanja wa pili ulikuwa wetu mimi na yule dada wa Kameruni. Tuliacha kusomea vyumbani. Asubuhi saa tatu kila mtu anakuja jikoni na laptopu yake, earphone masikioni, yeye kozi zake mimi zangu, meza moja. Kamera nafungua, kwa sababu yeye akiona nimefunga ananipiga kiwiko. Sufuria iko nyuma yangu, kuna siku profesa aliuliza kinachochemka ni nini, ni maharage profesa. Tukaishia kuwa watu wanne pale mezani, akaja kijana wa Kihindi wa uhandisi na Mjerumani mmoja mwenye wazazi wenye shamba, ambaye ndiye alituokoa kwenye unga maana kwao waliusaga wenyewe. Sheria za kufungiwa zilisema unaruhusiwa kuwa na unaokaa nao, na sisi jiko letu moja, choo kimoja, basi tukawa familia kwa lazima.

Halafu Ramadhani ikaingia, mwisho wa Aprili. Hapa sitafupisha.

Tanga kipindi hicho jua linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, na mwaka mzima halisogei sana. Kule nilipo siku za kwanza lilikuwa linazama kwenye saa mbili na nusu usiku, na mwisho wa mwezi saa tatu na dakika kama kumi! Daku mwisho saa kumi alfajiri, na siku za mwisho hata kabla ya hapo. Saa kumi na sita na nusu na zaidi unafunga, msikiti umefungwa, peke yangu Mwislamu ghorofa nzima. Na tofauti ya saa nyumbani na kule kipindi hicho ni saa moja, kwa hiyo wao wakifuturu kwangu ni saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, jua bado kali dirishani. Siku ya kwanza wakanipigia vidio wakidhani wananifurahisha. Mkeka wote uko kwenye kioo cha simu, uji wa pilipili manga, tambi za nazi, mdogo wangu wa kiume kashika kababu kaileta mpaka kwenye kamera, dada karibu. Nilikuwa na saa tatu mbele yangu. Nikawaambia mimi siwezi jamani, kateni simu, pigeni baadaye.

Kesho yake hawakupiga. Magharibi ya kwangu ilipofika, nimekaa jikoni na tende na glasi ya maji naangalia saa ya simu, simu ikaita. Mama. Nyumbani ni saa tatu na nusu usiku, wenzake wameshalala wengine, yeye kakaa ukumbini kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai. Shikamoo mama. Marahaba, bado dakika ngapi? Mbili. Tukakaa kimya dakika mbili. Nikafungua, na yeye akanywa chai yake. Akaniambia, "Nimekuachia funda, sikuimaliza ile ya jioni."

Akafanya hivyo mwezi mzima. Kila siku magharibi ikisogea dakika moja moja na yeye anasogea, mwishoni ilikuwa saa nne na kitu za Tanga, mtu anayeamka saa kumi kupika maandazi ya kuuza. Nilimwambia mama lala, anasema sina usingizi. Umeme ukikatika alikuwa anapiga simu ya kawaida kwa vocha, sekunde kumi, "fungua mwanangu, swaumu njema," anakata.

Barakoa ikawa lazima tarehe 27 Aprili, dukani na kwenye basi, ya kitambaa ilikuwa inakubalika. Vile vitenge vya zawadi vilikuwa bado kwenye begi maana wenyeji wenyewe sijaonana nao. Nikakata kimoja, nikashona kwa mkono, lastiki madukani zimeisha nikachomoa ya bukta ya zamani. Kufika kesho yake watu wa hosteli wanagonga wanataka. Nilishona nadhani 30 hivi, nalipwa hamira, mayai, mtu mmoja alinilipa kwa kunisahihishia insha. Ila barakoa ilinifundisha kitu: Kijerumani changu kidogo kile nilikuwa nasikia kwa kuangalia midomo. Midomo ilipofunikwa nikawa kama sijawahi kusoma kabisa, kila kitu ni bitte? bitte? yaani samahani, unasemaje?

Visa yangu ilikuwa ya miezi mitatu ya kwanza, ilitakiwa kubadilishwa kuwa kibali, na ofisi hazipokei watu. Hapa ushauri wa haraka tu: nilituma maombi kwa barua pepe kabla visa haijaisha, nikahifadhi jibu lao, nikalichapisha, nikatembea nalo kwenye pochi kama hirizi. Hakuna aliyeniuliza, lakini nililala.

Idi tulikula wanne jikoni, nikapika pilau, mchele wa basmati ukashikana, nikasema ndivyo inavyokuwa. Nani angejua.

Mwisho wa Julai nikakabidhi kazi mbili za kurasa 15 na mtihani mmoja wa mtandaoni, Agosti nikarudi. Uwanja wa ndege Dar wakanipima joto, nikatoka nje na barakoa yangu ya kitenge, nikaangalia kushoto kulia, nimevaa peke yangu. Dereva wa teksi akaniuliza, "Sista, unaumwa?" Chuoni wenzangu walikuwa wamefungua tangu tarehe 1 Juni wanakimbizana na mitihani, na kozi zangu mbili zikakubaliwa, ya tatu wakasema haifanani na ya kwao, nikairudia mwaka uliofuata.

Mama nilimkuta stendi ya Tanga. Bibi alibaki nyumbani, nilikaa chumba cha nje wiki mbili kwa amri yangu mwenyewe, wote wakinicheka, yeye anakuja kukaa barazani ng'ambo ya dirisha na kiti chake cha plastiki kile kile cha mama, ananiuliza, eti kule Ulaya unga wa Yanga mliula na nini?