Longonot kutoka Nakuru, na hesabu ya maji

Mara ya kwanza kupanda mlima Longonot nilibeba nusu lita ya maji na pakiti ya biskuti. Nilifika juu nikiwa mzima kabisa, nikaona mdomo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, umezunguka pale mbele yangu nikasema hii nayo ni ya kutembea tu, nikaanza kuizunguka. Saa 7 mchana nilikuwa nimekaa kando ya kichaka kisicho na kivuli, upande wa pili kabisa wa kreta, mdomo umekauka hadi mate ya kumeza hakuna, na ukienda mbele ni mbali, ukirudi nyuma ni mbali. Mtu nisiyemjua akanipa maji yake. Sitamsahau yule mtu. Ndo maana safari ya juzi, tulipoamua kwenda na mjomba na dadangu mdogo, tuliipanga wiki nzima.

Manake huku Nakuru ukisema unaenda mlima mtu anawaza baridi, ukungu na msitu, anafikiria Aberdare. Longonot ni volkano, iko hapo chini ya Naivasha kwa Bonde la Ufa, na udongo wake ni jivu tupu. Mvua ikinyesha maji yanazama tu. Ukishaanza kupanda hakuna mto, hakuna mfereji, hakuna kibanda cha soda, unachokunywa ni kile uko nacho mgongoni.

Hesabu alifanya mjomba, usiku, kwa meza ya jikoni, nyuma ya risiti ya duka. Kutoka geti hadi mdomo wa kreta kilomita 3.1, kuzunguka mdomo 7.2, kushuka 3.1 tena, jumla 13.4. Akaniuliza, "Hizo kilomita hapa Lanet unatembea masaa mangapi?" Nikamwambia matatu. "Basi huko andika sita, na kila saa nusu lita kwa kila mtu." Hiyo ni lita 3 kwa mtu, sisi watatu lita 9, na lita 9 ni kilo 9. Dadangu akasema ni mzigo mwingi, tubebe 6 tugawane, mjomba akakataa katakata. Akasema kama ni kupunguza mzigo tuache viazi. Tukaacha viazi, tukabeba mayai ya kuchemsha, njugu, ndizi, glukosi na chumvi kidogo kwa karatasi.

Halafu akaweka sharti moja ambalo mimi naona ndilo lilitusaidia kuliko yote: tukifika juu baada ya saa 4, au kama kuna mtu ameshamaliza lita moja kabla ya kufika, kreta hatuizunguki, tunakaa tunaangalia tunashuka. Na tulikubaliana tukiwa nyumbani, tumeshiba, tumetulia, kwa sababu ukiwa pale juu na uzuri ule wote huwezi kuamua vizuri.

Saa 11 alfajiri tulikuwa steji. Elementaita tukapita giza, Gilgil kukaanza kupambazuka, Naivasha tukashuka tukapanda ya kwenda Mai Mahiu, konda akatuacha Longonot. Tukanywa chai na mandazi haraka haraka, tukachukua boda mbili hadi geti. Kulipa ni kwa simu, pesa mkononi hawachukui, kwa hivyo lipia mapema au hakikisha simu ina chaji na bando.

Mwanzo ni tambarare, pundamilia wanakula tu hawana habari na wewe, na ukipita karibu na leleshwa ukasugua jani moja kwa vidole inatoa harufu kama kafuri. Halafu mlima unaanza. Watu wamepita hapo hadi njia imechimbika, mahali pengine kuta zinakufika begani, na chini ni vumbi laini kama unga wa ngano, ukikanyaga mguu unazama ukirudi nyuma nusu hatua. Raba zangu za wavu ziliingiza vumbi lote. Dadangu alikuwa amekata soksi kuukuu akaivuta juu ya kiatu ikafunika pale kamba zinafungwa, na jioni miguu yake ilikuwa safi, yangu imebabuka vidole viwili.

Tulifika mdomoni saa 3 kasorobo. Mjomba hakuangalia hata kreta kwanza, alitoa chupa zote akaziinua kwa jua moja moja. Dadangu alikuwa amekunywa kidogo zaidi ya nusu lita. "Haya, tunazunguka." Hapo ndo tukaangalia. Ndani kule chini ni msitu mzima umekaa kama ndani ya bakuli, kijani kibichi, na kwa ukuta wa mawe kuna mahali mvuke unatoka polepole, na ukigeuka nyuma unaona Ziwa Naivasha lote.

Kuzunguka ndo kazi yenyewe. Mdomo unapanda unashuka, mahali pengine ni pembamba na kote kote ni mteremko, na kile kilele cha juu kabisa wanaita Kilele Ngamia, mita 2,776, tulimalizia kwa mikono. Kivuli hakuna, upepo unakukausha na husikii kama unatoa jasho. Kila nusu saa mjomba anasema "maji", tunakunywa, hata kama mtu hana kiu. Saa 6 na dakika kumi tulikuwa tumefunga mzunguko.

Tukishuka, karibu na geti, jua sasa ni kali kweli, tukapatana na vijana wanne wanapanda. Walikuwa na chupa moja ya soda, ya nusu, na wanacheka wameshikana mabega. Mjomba akawasalimia, akawauliza wanaenda kuzunguka? Wakasema ndio mzee. Tulikuwa tumebakisha kama lita moja na nusu zikiwekwa pamoja. Dadangu hakuuliza mtu, alifungua begi akawapa chupa mbili, na mimi nikawaambia wakifika juu wakae pale tu, kreta waje kuizunguka siku nyingine asubuhi. Yule aliyeshika soda akaangalia juu, akaniuliza, "Kwani huko hakuna maji ya kununua?"