Siku moja maishani mwangu: natembeza familia Entebbe

Saa 11:30 alfajiri. Kitooro, mtaa wa hapa Entebbe, bado kuna giza ila boda boda wameshaanza kupishana. Kabla ya kuwasha jiko natoka nje kuangalia upande wa ziwa. Radi za huku hupigwa ziwani usiku: nchi kavu ikipoa, upepo unateremka kuelekea majini, mawingu yanajikusanya huko, na mara nyingi mvua inatufikia alfajiri au asubuhi. Mtu wa Kampala anaweza kuamka na jua lake akadhani na sisi tunalo. Leo wingu lipo, jeusi, lakini liko mbali. Nawaandikia wateja: njooni, watoto wavae viatu vya kufunga na suruali ndefu. Ndala ziacheni kwenye gari.

Saa 1:00 asubuhi. Nafika bustani ya mimea na kuipita njia yangu peke yangu kwanza. Bustani hii ilianzishwa mwaka 1898, Entebbe ikiwa bado makao ya serikali ya kikoloni, na mimea kutoka nje kama mpira na kakao ilipandwa hapa kuona kama itashika kwenye udongo wa Uganda. Ni kama hekta 40, na kwa upande wa ziwa kimebaki kipande cha msitu wa asili. Wengi wanaishia kwenye nyasi za juu, wanapiga picha za harusi, wanarudi nyumbani. Hawajaona kitu.

Kinachonileta mapema hivi ni siafu. Nimewakuta wamekata njia karibu na mizizi ya mti mmoja mkubwa, mstari mweusi wa upana wa vidole viwili, wale wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni taya juu, wadogo wanapita katikati na mizigo yao. Wengine wangebadilisha njia. Mimi siwakwepi, nachora alama kwa kijiti hatua tatu kabla yao, watoto wasimame hapo watazame kisha waruke mmoja mmoja huku nimewashika mkono.

Halafu natafuta mbega. Mbega wakitulia hawapigi kelele, kwa hiyo natazama chini: majani mabichi yaliyotafunwa nusu na kuangushwa. Nikiyakuta, nainua kichwa.

Saa 3:10. Familia imefika kutoka Najjera, kitongoji cha Kampala: baba, mama, watoto watatu, na bibi yao aliyekuja kuwatembelea kutoka Bukavu, Kongo. Watoto wanaongea Kiingereza na Kiganda, bibi ana Kimashi na Kiswahili. Ndiyo maana wakanitafuta mimi, maana mara ya mwisho walipotoka na mwongozaji wa Kiingereza, bibi alikaa kwenye gari.

Baba ananiuliza, "Dada, hii ni kilomita ngapi?" Mbili na nusu hivi, namwambia, tambarare halafu mteremko mdogo kuelekea ziwani. "Basi saa moja tumemaliza." Namwambia masaa matatu. Anacheka.

Wanaopanda mlima wanatazama visigino vya aliye mbele yao, na mwongozaji anajua kila mtu yuko wapi. Njia rahisi yenye watoto haina nidhamu hiyo, kila hatua kumi kuna mmoja ameacha njia. Nampanga bibi mbele pamoja na kitinda mimba wa miaka mitano, maana mwendo wao ni uleule. Baba anakaa nyuma, hapo simu yake haitamsimamisha mtu.

Sheria ni moja tu: chakula kwenye begi, zipu imefungwa. Tumbili wa hapa wanaujua mlio wa kaveera, mfuko wa plastiki.

Saa 3:50. Tumefika kwa mbega. Hapa ndipo muda wote unapoishia, na sijutii. Wako saba au wanane kwenye tawi moja, weusi wenye mabega meupe na mikia mirefu ya manyoya, wamekaa tu. Mtoto mkubwa anauliza kwa nini hawafanyi kitu. Namwambia wanafanya: wanasaga chakula. Tumbo la mbega lina vyumba kadhaa, na majani yanachachuka humo taratibu kabla ya kupita, kwa hiyo akishashiba anakaa masaa. Ukinyamaza vizuri unamsikia akibeua. Wakanyamaza, kwa dakika nzima hakuna aliyesema neno, na mbega mmoja akabeua kweli. Watoto walicheka hadi kundi zima likahamia tawi la juu.

Jike mmoja alikuwa na mtoto mweupe pepe. Mama akashangaa, akadhani ni albino. Hapana, wote huzaliwa hivyo, weusi unakuja baada ya miezi michache. Muda si mrefu jike mwingine akamchukua yule mtoto na kumpakata. Bibi akaguna, "Anasaidiwa kulea. Huyu ana akili." Kisha nikawapa darubini watafute dole gumba. Hawakulipata, mbega hana, kuna kijinundu tu, na mkono wa vidole vinne unashika tawi kama ndoano.

Binti wa katikati akaniambia rafiki yake wa shuleni ni wa ukoo wa Ngeye. Basi mwambie umewaona ndugu zake, nikamjibu, kwa maana ngeye ndiye huyu mbega, na Muganda wa ukoo huo hamli wala hamdhuru.

Tumbili walifuata, pamoja na swali ninalolisubiri kila mara: mbona dume lile lina vitu vya buluu huko nyuma? Baba akajifanya anapokea simu. Bibi hakubabaika. "Ni Mungu alimupaka rangi. Tuende."

Saa 5:15. Tumeteremka ufukweni. Njiani hondohondo walipita juu, mbawa zao zinasikika kabla hujawaona. Jike wao hujifungia kwenye shimo la mti kwa udongo akiwa na mayai, mume anamlisha kupitia ufa. Mama akamtazama mume wake. Mimi nikatazama ziwa.

Kwa mbali nguzo za kijivu zilikuwa zimesimama juu ya maji. Baba akauliza nani anachoma nini kule. Si moto, ni sami, wadudu wa ziwani, wanatoka majini kwa mamilioni siku moja.

Watoto wakaanza kuvua viatu. Hapo huwa sibembelezi. Kwenye maji ya ukingoni mwa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, kuna konokono wanaobeba kichocho, na vimelea vyake vinapenya ngozi hata ukisimama maji ya kifundo cha mguu tu. Tukarusha mawe badala yake. Bibi alirusha mbali kuliko wote.

Saa 6:30 mchana. Chakula tunakula nje ya geti, si bustanini: roleksi (chapati iliyoviringwa na mayai) za moto, gonja (ndizi tamu) ya kuchoma, chai ya tangawizi. Yamepita masaa matatu na dakika ishirini. Baba ananilipa kwa mobile money, hataji tena habari ya saa moja.

Saa 8 hadi saa 10. Wanandoa wawili wa Nairobi wanaotaka ndege tu. Wako kimya na wanajua wanachotafuta. Hakuna la kusimulia.

Saa 11:00 jioni. Nazunguka na mfuko wa gunia kuokota plastiki. Vifuniko vya chupa ndivyo vingi, vya harusi.

Saa 2:00 usiku. Mteja wa kesho ana watoto wawili na anataka kuanza saa 5 asubuhi, wapate usingizi. Namweleza kwamba muda huo jua litakuwa kali na mbega watakuwa wamejificha juu kwenye majani. Aje saa 3. Anasema saa 4. Nasema saa 3 na robo. Tumekubaliana saa 3 na nusu, na ameuliza kama mbwa wao anaruhusiwa. Mbwa abaki nyumbani.