Majasi ya Bibi

Nilihesabu vipete kwenye sikio la kushoto nikafika saba, nikapotea, nikaanza upya. Mwanamke yule alikuwa wa udongo, amekaa ndani ya kabati la kioo katika Makumbusho ya Taifa ya Antropolojia, Mexico City. Mfinyanzi hakuvichora kwa kijiti. Kila kimoja alikiviringisha kama uzi, akakipachika ukingoni mwa sikio, kikifuatana na mwenzake. Puani kamvisha hazama. Begani palikuwa na madoa meusi ya manganizi, alama ya kukaa sana kaburini.

Alitoka Nayarit, magharibi mwa Meksiko. Kiasi cha miaka 2000 iliyopita watu wa huko walichimba makaburi marefu kama visima, na chini kabisa wakatoboa vyumba vya kuwalaza maiti wao pamoja na sanamu kama hizi. Mengi yaliibwa kabla ya wataalamu kufika, basi sanamu nyingi hazijulikani zililala ubavuni mwa nani. Hilo liliniuma. Huitzilapa, jimbo la Jalisco, mwaka 1993 lilipatikana kaburi ambalo wezi hawakuligusa. Mlikuwa na watu sita, na mmoja wao, mwanamume wa makamo, alikuwa na vipuli na hazama za kweli, bangili za kombe, na nguo iliyoshonewa maelfu ya shanga. Kumbe mfinyanzi alifinyanga alichokiona masikioni mwa watu.

Hapo nikamkumbuka Bibi, Lamu. Waoshaji walipofika, mama ndiye aliyemvua majasi yake ya fedha, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Ndewe zikabaki wazi, kila moja ingepitisha kidole changu. Nilikuwa na miaka tisa, nikaona wanamdhulumu.

Jioni nilimpigia mama simu.

"Nimemwona mwanamke kazikwa na vipuli vyake vyote."

"Vingapi?"

"Sikio moja tu, kumi na kimoja."

Akanyamaza kidogo. "Bibi yako alikuwa na matundu matano juu ya ndewe. Uzeeni hakuvaa kitu humo, lakini majasi hakuyavua hata akilala."

"Yako wapi, mama?"

"Ninayo. Ngoja."

Nikasikia kasha likifunguliwa, kisha fedha ikigongana na fedha, karibu kabisa na simu.