Mizani ya 17: siku moja mezani pa mhariri wa miswada

Watu wakisikia kwamba mimi ni mhariri wa miswada katika nyumba ndogo ya uchapishaji hapa Dar es Salaam, wengi hudhani kwamba kazi yangu ni kuweka nukta na mikato, na wale waliowahi kurudishiwa mswada hudhani kwamba kazi yangu ni kuvunja watu moyo. Nimeamua kuisimulia Jumanne moja ya mwezi uliopita kama ilivyokwenda, kwa ajili ya kijana mwenye daftari la mashairi chini ya godoro ambaye hajui kwamba siku likitoka hapo litaangukia mikononi mwa nani.

Saa 11 alfajiri nilikuwa nimeketi jikoni na daftari langu mwenyewe, watoto wakiwa bado wamelala, kwa kuwa hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo haina mwenyewe. Huandika maneno 200 hivi ya hadithi yangu, kisha hufunga daftari hata kama sentensi imekatikia njiani. Kesho yake huanza kwa kuimalizia, na kwa njia hiyo siamki nikiwa na ukurasa mtupu mbele yangu. Maneno 200 yanaonekana machache, lakini mwaka ukiisha yamekuwa 73,000, na hiyo ni riwaya kamili. Vijana huniambia kwamba wangeandika kama wasingekuwa na kazi, nami huwakumbusha kwamba Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, akatunga huku akitumikia mshahara kama sisi sote. Saa 12:30 nilipanda daladala Mbagala, nikasimama hadi Kariakoo.

Saa 2:30 huanza kusoma mizigo mipya, yaani bahasha zilizoletwa kwa mkono na miswada iliyotumwa kwa barua pepe. Asubuhi hiyo ilikuwapo 6. Kila mswada wa hadithi husoma kurasa 20 za mwanzo, hata ule ambao kufikia ukurasa wa 3 umeshanionyesha unakokwenda, kwa sababu mwandishi huyo amekesha nao na anastahili kusomwa. Waandishi wawili kati ya hao 6 walianza na jua likichomoza na ndege wakiimba, na mmoja alianza na kuzaliwa kwa babu wa mhusika mkuu, ilhali kisa chenyewe kilianza ukurasa wa 17, pale binti alipoikuta barua ya posa katika mfuko wa koti la baba yake. Niliandika pembeni: anzia hapa. Kurasa 16 zilizotangulia hazikuwa kazi bure, maana mwandishi alizihitaji ili awajue watu wake. Msomaji ndiye asiyezihitaji. Jambo la pili ninalolikuta karibu kila siku ni wahusika wanaozungumza wote kwa sauti moja, ya mhubiri, kiasi kwamba muuza mchicha na wakili hawatofautiani mpaka usome jina. Dawa yake ni kukaa kituoni au sokoni kwa nusu saa ukasikiliza, kisha ukarudi nyumbani ukasoma mazungumzo yako kwa sauti, kwa kuwa sikio hukataa kile ambacho jicho limekipitisha.

Kabla ya saa 4 simu ilikuwa imelia mara tatu, na mara mbili swali lilikuwa moja: nikileta mswada wangu, hamtaniibia? Swali hilo silichukii, kwani lina historia yake. Niliwajibu kwamba kwa sheria yetu ya hakimiliki, Sheria Na. 7 ya mwaka 1999, haki ni ya mtunzi tangu anapoitunga kazi yake, nayo hudumu katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria hiyo hailindi wazo ulilomsimulia mtu barazani. Hulinda kazi iliyokwisha kutungwa, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika badala ya kusimulia. Kila mmoja nilimwambia abaki na nakala, aandike tarehe, na aulize jina la mtu anayempokelea bahasha.

Saa 4 na dakika chache aliingia mwalimu mstaafu ambaye wiki mbili kabla nilikuwa nimemrudishia diwani yake ya mashairi 112 ikiwa na alama za penseli kwenye mishororo 38. Niliinuka nikamwamkia: "Shikamoo, mwalimu." Aliitikia marahaba bila kuniangalia, akauweka mswada mezani kwa uzito, akasema, "Binti yangu, mashairi haya nimeyatunga kabla wewe hujajua kusoma. Nimekuja kuuliza ni nani aliyekuruhusu kuyachora."

Nilimwagizia chai, naye hakuigusa. Kwa muda mrefu alizungumza yeye peke yake. Alieleza kwamba amefundisha Kiswahili miaka 34, kwamba zamani shairi la mtu mzima halikurudishwa, na kwamba siku hizi nyumba za uchapishaji zinawapenda vijana wa mashairi huru wasiojua kina wala kituo. Juu ya hilo la mwisho sikukubaliana naye, nikamwambia. Mabishano ya wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani (yaani hesabu ya silabi), na wanamabadiliko, wanaoviacha, yalikuwa makali tangu miaka ya 1970, na Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya kwanza mwaka 1974 wapo waliosema kuwa yale si mashairi; leo husomwa madarasani. Anayeacha mizani na vina hajapata nafuu, kwa sababu kila mshororo wake unapaswa kuonyesha kwa nini umekatwa pale ulipokatwa, na wengi wanaoniletea mashairi huru wameandika tu insha iliyopangwa wima. Lakini yeye mwalimu hakuandika mashairi huru. Aliandika tarbia, yaani mashairi ya mishororo minne kila ubeti, kwa hiari yake, na katika utangulizi wake mwenyewe alieleza kwamba kila mshororo una mizani 16, minane ya ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na minane ya utao, nusu ya pili. Nilikuwa namdai alichokiahidi yeye.

Akasema zimo. Nikamwomba tuhesabu pamoja, kidole kwa kidole juu ya meza, kwa njia ambayo yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi. Tulianza na shairi la 5, lenye mshororo huu:

Mtoto nakuusia, mwenzio usimdharau.

Ukwapi ulikaa sawa: m-to-to-na-ku-u-si-a, nane, na hakuna aliyebisha kwamba ile *m* ya mtoto husimama peke yake na kuhesabiwa, tofauti na *mb* ya mbuzi ambayo huenda pamoja na irabu inayoifuata. Katika utao alihesabu nane, nami nikahesabu tisa. Akarudia, akapata nane tena. Nilipomwomba aende polepole niliona kosa lilipojificha: alipofika kwenye "usimdharau" kidole chake kiliipita ile *m* bila kugusa meza, kwa kuwa ikiwa katikati ya neno ulimi huimeza, ingawa ni *m* ile ile aliyoihesabu mwanzoni mwa mshororo. Mwe-nzi-o-u-si-m-dha-ra-u. Tisa. Jumla 17. Alikaa kimya, nami nilidhani tumefika.

Hatukuwa tumefika. Nilipopendekeza "mwenzio usidharau", ambayo ni nane kamili, aliinuka kabisa kitini. "Mtu ni mtu," alisema, "na kitenzi chake lazima kibebe yambwa, alama ya anayetendewa. Ukisema usidharau bila hiyo *m* umemfanya mwenzio kuwa kitu." Ninakiri kwamba alikuwa na haki. Malenga hupewa ruhusa ya kufupisha na kurefusha maneno ili kukidhi mizani, lakini ruhusa si amri, na mtunzi anayekataa kuitumia kwa sababu ya maana anajua anachokifanya. Kisha akaniambia kwamba basi nitafute mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayelipwa.

Hapo ndipo kazi yangu huchosha kuliko mahali pengine popote. Ningeweza kumtafutia. Mshororo nitakaoutengeneza mimi, hata ukiwa mzuri, utakuwa kiraka kwenye kanzu yake, na diwani yenye viraka 38 itakuwa ya nani? Nilimweleza hivyo mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa sauti ambayo sikuipenda. Akazungumzia mshahara wangu, akazungumzia umri wangu, akauliza kama nina kitabu changu, nikamjibu kwamba bado. Wenzangu wawili waliingia wakatoka. Kitabu cha Amri Abedi juu ya sheria za kutunga mashairi, cha mwaka 1954, kilikuwa mezani kwangu kikiwa kimechakaa mgongo, naye alikichukua akakifungua, nadhani kwa nia ya kunishinda kwacho, akasoma kurasa kadhaa kimya kimya huku kidole kikigonga meza.

Sikutazama saa, lakini adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kusikika. Alikiweka kitabu chini, akasema kama anayezungumza na mtu mwingine: "Mwenzi. Mtoto nakuusia, *mwenzi* usimdharau." Tukahesabu. Mwe-nzi-u-si-m-dha-ra-u. Nane. Irabu moja tu ilikuwa imeondoka, yambwa imebaki, na wosia umepanuka, kwa kuwa sasa hauhusu tu mwenzake mtoto yule bali mwenzi yeyote. Hakuna mhariri ambaye angempa neno hilo kwa usahihi ule. Alikunywa chai yake ikiwa baridi, akauliza ni lini kitabu kitatoka, na nilipomwambia kwamba bado mishororo 37, uso ulimbadilika tena. Aliondoka na mswada kwapani bila kuaga.

Sikula mpaka saa 8 na nusu. Wali ulikuwa umeganda.

Mchana ule alipiga simu kijana mmoja kutoka mkoani aliyekwisha kulipa fedha nyingi mahali fulani ili "wamchapishie" riwaya, akapokea maboksi ya vitabu vilivyobanwa kwa pini, visivyo na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, wala jina la mhariri, na duka la vitabu limevikataa. Sikuwa na la kumponya, ila nilimweleza tofauti ambayo laiti ningekuwa na kipaza sauti ningeitangaza Kariakoo nzima: mchapaji ni mwenye mitambo, nawe humlipa akuchapie, mchapishaji hugharimia uhariri, jalada, uchapaji na usambazaji kwa fedha zake, kisha hukulipa wewe mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo. Anayekuomba fedha za kuchapa na wakati huohuo kukutaka umwachie haki zako anakula pande zote mbili. Kujichapishia si aibu, mradi ujue kwamba umekuwa mchapishaji, hivyo mhariri ni wa kumtafuta na kumlipa wewe, na ISBN ni ya kuiomba wewe Maktaba Kuu ya Taifa kabla kitabu hakijaingia mtamboni. Na ukipata mkataba, uliza kama mrabaha unahesabiwa kwa bei ya jalada au kwa fedha inayobaki baada ya punguzo la maduka, maana asilimia ile ile hutoa fedha tofauti kabisa.

Baada ya hapo tulisoma prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa zinazosubiri masahihisho, mimi na mpanga kurasa, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa penseli. Kitabu kilikuwa na kurasa 164, na kwa kuwa tunachapa kwa mafungu ya kurasa 16, ilitubidi turudi 160 au tulipie karatasi hadi 176. Tulitafuta kurasa 4 za kuondoa. Macho yalikuwa yameanza kuona "kwasababu" iliyounganishwa kana kwamba ni sahihi, na hiyo ni dalili kwamba ni wakati wa kuacha.

Katika daladala ya jioni, foleni ikiwa imesimama, nilikumbuka kwamba bahasha moja kati ya ile mizigo 6 sikuifungua. Ndani yake mlikuwa na karatasi 4 za daftari la shule zilizoandikwa kwa mkono, utenzi wa beti 23 wa binti aliyemaliza kidato cha nne. Beti nane za kwanza zilimsifu mama kwa maneno ambayo sote tumeyasikia: nguzo, taa, ua la moyo. Kisha ukaja ubeti wa 9:

Mama kakaa jikoni,
nyota zingali angani,
vitumbua vi motoni,
ndimo ada yaivia.

Nilihesabu kwa vidole juu ya mkoba. Nane, nane, nane, nane. Vina vitatu vya *ni*, na bahari yake ya *a*, yaani kina cha mwisho kinachorudiwa katika kila ubeti, haikumponyoka hata mara moja hadi mwisho. Lakini si hesabu iliyonifanya nipitilize kituo changu. Ni ile ada inayoiva ndani ya mafuta. Mtu hafundishwi kuona hivyo. Anaweza kufundishwa yanayobaki.

Nyumbani, watoto walipolala, niliandika jibu. Nilimwambia kwamba utenzi mmoja hautoshi kitabu, kwa hiyo aendelee kutunga mpaka afikishe kazi 40 au 50, na kwamba zipo tuzo kama ile ya Mwalimu Nyerere na ile ya Safal-Cornell ambazo zimewahi kutunuku miswada isiyochapishwa, ila asome masharti neno kwa neno, kwa kuwa kazi nzuri nyingi huanguka kwa sababu ya idadi ya kurasa. Nilimwomba abaki na nakala ya kila anachotuma. Juu ya utenzi wenyewe niliandika hivi: "Beti nane za kwanza zifute, hata kama unazipenda. Anza na jiko. Popote ulipoandika sifa, weka kitu ambacho ulikiona kwa macho yako siku ile: mkono, kikaango, sarafu. Ubeti wa 14 una mizani tisa katika mshororo wa pili. Usiniulize mimi namna ya kuurekebisha, utafute mwenyewe, kisha unitumie tena." Nikaikunja karatasi, nikaandika anwani yake juu ya bahasha.