Gaudreau aliondoka bure, Tkachuk akaacha mali: bei ya staa aliyebakiza miezi kwenye mkataba

Usiku wa tarehe 12 Julai 2022 nilikuwa shifti kwenye kiwanda cha mikate hapa Calgary, Kanada, huku kaskazini mashariki ambako wahamiaji tumejaa, na ilipofika brek ya saa nne kila mtu kainamia simu yake, Wafilipino, Wapunjabi, Wahabeshi, sisi wa Afrika Mashariki, hakuna anayecheka. Johnny Gaudreau, staa wa timu yetu ya hoki ya barafu, Calgary Flames, kasema hasaini mkataba mpya. Kesho yake dirisha likafunguliwa, akawa mchezaji huru, na siku hiyo hiyo akasaini timu ya Columbus miaka 7 kwa dola milioni 9.75 kila mwaka. Calgary Flames wakabaki na nini? Hakuna. Sio mchezaji, sio nafasi ya kuchagua kijana kwenye drafti, sio chochote, na huyu ni mtu aliyetoka kumaliza msimu na pointi 115, magoli 40 na asisti 75.

Mimi nilikuja huku 2014 nikitokea Tanga, na hoki ya barafu sikuijua kabisa, aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Saskatchewan tunayesimama naye kwenye oveni. Gaudreau alianza msimu wake kamili wa kwanza hapa mwaka huo huo, kwahiyo kwangu mimi na yeye tuliingia mji huu pamoja. Mdogo wa mwili, kila mtu alisema ligi itamvunja, na hakuvunjika. Mwanangu alipoanza kuteleza kwenye barafu ya mtaani kwetu jezi aliyoitaka ni namba 13, nikamnunulia, na bei ya zile jezi mnaoishi huku mnaijua.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani mtaniuliza, mkataba si umeisha, mtu kaondoka, shida iko wapi? Wana Simba nadhani mnanielewa haraka, Chama alipomaliza mkataba 2024 akahamia Yanga na Simba hawakupata hela ya mauzo. Ila kwenye NHL, ligi ya hoki ya Kanada na Marekani, inauma kwa namna nyingine. Kule klabu haiuzi mchezaji kwa hela kama mpira wetu, inabadilishana: nipe wachezaji hawa na piki zako za raundi ya kwanza, yaani nafasi zako za kuchagua vijana kwenye drafti, nikupe staa wangu. Halafu kuna kepu ya mishahara, yaani kikomo cha mishahara, msimu ule ilikuwa dola milioni 82.5 kwa timu nzima na hakuna tajiri anayeweza kuivuka kwa kutoa hela mfukoni. Ndio, Gaudreau akiondoka ule mshahara wake unabaki wazi, lakini mtu wa pointi 115 humpati sokoni mwezi wa saba hata uwe na nafasi kiasi gani. Kwahiyo staa anayekaribia kuwa huru ni mali yenye tarehe ya kuisha, mzee alinionyesha mikate iliyorudi kutoka madukani akasema ndiyo hiyo, jana ilikuwa na bei.

Haijapita hata wiki mbili likaja la Matthew Tkachuk. Miaka 24, pointi 104, bado yuko chini ya haki za klabu ila kabakiza msimu mmoja tu kabla ya kuwa huru kabisa, na kawaambia wazi kwamba mkataba mrefu Calgary hasaini. Hapo mji mzima ulikata tamaa, watu wanasema tumepigwa mara mbili kiangazi kimoja. Na kumbe ndio biashara kubwa ikafanyika. Tarehe 22 Julai akaenda Florida Panthers, na Florida wakatoa Jonathan Huberdeau ambaye naye alikuwa na pointi 115 msimu ule ule, beki MacKenzie Weegar, kijana Cole Schwindt, na piki ya raundi ya kwanza ya 2025 yenye masharti. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Inakuwaje mtu aliyesema hataki kukaa kwako auzwe hivyo, na mwenzake aliyekuwa mkubwa kuliko yeye aondoke bure?

Jibu nililipata kwenye sentensi moja ya ile habari, kwamba Tkachuk alisaini miaka 8 kwa dola milioni 9.5 kila mwaka halafu ndio akapelekwa. Florida hawakununua msimu mmoja uliobaki, walinunua miaka minane. Tangu siku ile mtu akinitajia staa fulani anauzwa swali langu la kwanza sio ana magoli mangapi, nauliza je anayemnunua ana uhakika wa saini? Kama ana uhakika bei ni nyingine kabisa. Kama hana, ananunua miezi mitatu ya kukodi, na miezi mitatu hata ya malaika ina mwisho wake.

Mfano mzuri kuliko wote ni Mikko Rantanen, maana ni mtu yule yule, msimu ule ule, kauzwa mara mbili ndani ya wiki sita. Mkataba wake na Colorado ulikuwa unaisha kiangazi cha 2025. Tarehe 24 Januari Colorado wakaona hawaelewani naye bei wakampeleka Carolina, wakapata Martin Necas, Jack Drury na piki za raundi ya pili na ya nne, na Chicago wakaingia katikati wakabeba nusu ya mshahara wake kwa muda uliobaki, hiyo kanuni inaruhusu na yenyewe inapandisha bei kwa sababu mnunuzi anapata staa kwa nusu ya nafasi ya kepu. Carolina hawakuwa na saini. Wakakaa naye mechi 13, wakamsikiliza, wakaona huyu moyo wake hauko hapa, na tarehe 7 Machi siku ya dedilaini, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, wakampeleka Dallas. Dallas wakatoa Logan Stankoven, piki mbili za raundi ya kwanza na mbili za raundi ya tatu. Nyingi sana kwa mtu aliyebakiza wiki chache! Lakini hapo hapo akasaini miaka 8 kwa dola milioni 12 kila mwaka. Mnaona? Mwezi wa tatu kabakiza muda mfupi kuliko mwezi wa kwanza, na bado nasema Carolina walilipwa vizuri, kwa sababu safari hii saini ilikuwa mezani. Halafu tarehe 3 Mei, mechi ya saba ya mtoano, ile ya kuamua nani anasonga, Dallas wakakutana na Colorado wale wale waliomuuza, akapiga magoli matatu kipindi cha tatu na Colorado wakaenda nyumbani. Nawaheshimu sana Carolina kwa lile jambo, walikuwa na ujasiri wa kukiri mapema kwamba hasaini, wakati timu nyingi hujidanganya hadi Julai.

Umri nao uangalie, maana miaka 8 ya mtu wa 24 na miaka 8 ya mtu wa 29 sio kitu kimoja. Na uangalie kama mkataba wake una kipengele cha kukataa kuhamishwa. Toronto walimalizana na Mitch Marner hivyo, pointi 102 msimu wa 2024-25, mkataba unaisha, na haki yote ya kusema siendi iko mkononi mwake. Mchezaji wa namna hiyo bei yake sokoni anaipanga mwenyewe, akisema hapana basi hata ungeletewa timu nzima huna cha kuuza. Mwisho akaenda Vegas kwa dola milioni 12 kwa miaka 8 na Toronto wakapata Nicolas Roy peke yake. Aliyekuwa meneja mkuu Toronto ni Brad Treliving, yule yule aliyekuwa hapa Calgary 2022, mzee alitikisa kichwa tu siku ile akarudi kwenye oveni.

Ila kuna kitu kuhusu ile biashara ya Tkachuk ambacho watu wa huku hawapendi kukiongelea, nami nitakisema. Huberdeau na Weegar nao walikuwa wamebakiza mwaka mmoja! Yaani Calgary walitoa mtu wa mwaka mmoja wakapokea watu wawili wa mwaka mmoja mmoja, na kidonda cha Gaudreau bado kibichi. Mwezi wa nane, kabla Huberdeau hajacheza hata mechi moja na jezi nyekundu, wakamsainisha miaka 8 kwa dola milioni 10.5. Msimu uliofuata akashuka kutoka pointi 115 hadi 55. Sisemi mchezaji mbaya, namheshimu, alikuwa kapewa mji mpya na mfumo mpya na mzigo wa watu wawili walioondoka. Nasema kwa maoni yangu kwamba ile bei ilikuwa ya woga, klabu iliyoachwa mikono mitupu mwezi wa saba haiwezi kukaa mezani kwa utulivu mwezi wa nane. Florida wao wakaenda fainali 2023, wakabeba kombe 2024, wakabeba tena 2025, Tkachuk akiwa katikati. Kwahiyo ukihesabu hasara ya Gaudreau usihesabu Gaudreau peke yake.

Na klabu ilijifunza, hilo niwape. Meneja mpya Craig Conroy msimu wa 2023-24 alikuwa na wachezaji kibao wa mkataba unaoisha, hakusubiri, Zadorov akaenda Vancouver mwezi wa kumi na moja, Lindholm akamfuata Vancouver mwezi wa kwanza, Tanev Dallas, Hanifin Vegas, wote kabla ya dedilaini na wote kwa kitu fulani kurudi. Hakuna aliyeshangilia, timu ilikuwa inabomolewa, lakini kati ya hao wanne hakuna aliyeondoka bure.

Sasa nirudi kwa Gaudreau, maana kilichonifanya niandike leo ni yeye. Siku zile 2022 nilisikia maneno mazito sana kazini na kwenye treni, msaliti, muongo, kachukua hela. Hela? Iliripotiwa kwamba Calgary walimpa miaka 8 na hela nyingi zaidi kuliko aliyoichukua Columbus. Yeye ni mtu wa New Jersey, mkewe alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza, akataka kusogea karibu na kwao. Mimi sikuweza kumtukana. Mama yangu yuko Tanga, simu zangu zote nyumbani zinaanza na unakuja lini, na nimewahi kukataa cheo kwenye mji wa mbali zaidi kwa sababu mke wangu na watoto walikuwa wameshazoea hapa na msikiti uko karibu. Anayepiga hesabu ya thamani ya mchezaji akasahau kuuliza huyu mtu anataka kuishi wapi, na mke wake anataka kuishi wapi, basi hesabu yake imekosa namba kubwa kuliko zote. Hakuna takwimu ya kitu hicho, inabidi umuulize mwenyewe, na umuulize mapema.

Tarehe 29 Agosti 2024 Johnny na mdogo wake Matthew waligongwa na gari wakiwa kwenye baiskeli kule kwao New Jersey, wakafariki wote wawili, kesho yake ilikuwa harusi ya dada yao. Ngazi za Saddledome, uwanja wa Flames, zilijaa maua, fimbo za hoki, jezi. Tulikwenda na mwanangu, keshakuwa mkubwa, ile namba 13 haimtoshi tena, akaikunja akaishika tu mkononi. Mzee tulimkuta pale pale kasimama kavua kofia kwenye jua. Hatukuongea biashara siku hiyo.

Tuliongea baadaye, kazini, wiki nyingi zimepita. Nilimwambia kwa hesabu zangu walipaswa kumuuza kiangazi cha 2021, akiwa kabakiza mwaka mzima. Mwezi wa tatu 2022 tayari ilikuwa haiwezekani, timu inaongoza divisheni, huwezi kumtoa mfungaji wako wakati mji mzima unaota kombe ambalo halijarudi tangu 1989. Lakini 2021 alikuwa katoka kwenye msimu mfupi wa pointi 49 mechi 56, mnunuzi angepata mwaka mzima na muda wa kuzungumza naye mkataba, na kama jibu lake lingekuwa anataka mashariki basi timu za mashariki zingeshindana. Usingepata bei ya mtu wa pointi 115, kwa sababu hakuna aliyejua zinakuja, ila ungepata bei.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Akasema hesabu iko sawa, halafu akaniuliza tarehe 15 Mei 2022 ulikuwa wapi. Nilikuwa nyumbani sebuleni na mwanangu, mechi ya saba na Dallas, mbili kwa mbili, muda wa nyongeza, kipa wao Oettinger keshaokoa 64 na ilionekana hapigiki hata tukicheza hadi asubuhi, na Gaudreau akapokea upande wa kulia karibu kabisa na mstari wa goli ambapo hakuna nafasi ya kupiga, akapiga juu ya bega. Mwanangu alinirukia shingoni, tukaanguka wote na kochi. Ukimuuza 2021, mzee akasema, ile haipo.

Nilifikiria hiyo hadi shifti ikaisha na bado nasema ningemuuza. Mzee anasema asingemuuza. Tumeliongea hili mara nyingi sasa na hakuna aliyemshinda mwenzake.