Sekunde tano zilizotutesa: proksi ya maabara yetu

Majuma matatu mfululizo wanafunzi wetu wa maabara ya kompyuta, chuo kimoja hapa Morogoro, walikuwa wakibofya na kungoja. Mashine 40, laini moja ya intaneti, na katikati seva ya Ubuntu inayoendesha Squid, programu ya proksi: hupokea maombi ya mashine zote, huyapeleka mtandaoni, na huweka nakala (kache) ya vinavyopita. Asubuhi moja binti wa mwaka wa kwanza alinifuata mlangoni: "Shikamoo mwalimu. Fomu yangu ya maombi inazunguka tu tangu saa mbili, na mwisho ni leo." Maneno hayo yaliniuma. Mkuu wa idara alikuwa ameshaandaa barua ya kuomba laini kubwa zaidi. Nikamwomba anipe siku mbili.

Nilichukua laptopu nikaichomeka moja kwa moja kwenye ruta, bila kupitia proksi. Kurasa zikafunguka papo hapo. Nikarudi kupitia poti 3128, mlango wa Squid: kimya, kimya, kisha ukurasa mzima ukaja kwa mpigo. Hapo nikatulia. Laini ikielemewa, ukurasa huja kwa kudondoka, picha moja moja. Huu ulikuwa unasubiri kitu kabla ya kuanza.

Nikafungua access.log, faili ambamo Squid huandika kila ombi. Safu ya pili ya kila mstari ni muda wa ombi kwa milisekunde. Mistari ya CONNECT, yaani ya tovuti za HTTPS zilizofichwa kwa msimbo, niliiweka kando, maana muda wake huhesabu tuneli nzima tangu ifunguliwe hadi ifungwe, kwa hiyo hauonyeshi ucheleweshaji. Katika iliyobaki nikakuta 5118, 5203, 5164, 5097. Mtandao uliojaa hutoa namba zilizotawanyika. Hizi zilikuwa zimerundikana pamoja. Sekunde tano ndizo Squid hungoja, isipobadilishwa, kabla ya kurudia swali lisilojibiwa la DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Nikaendesha squidclient mgr:5min, ripoti ya Squid ya dakika tano zilizopita, na dns.median_svc_time, muda wa kati wa majibu ya DNS, nayo ikasoma sekunde tano na kidogo.

Kwenye resolv.conf, faili linaloorodhesha seva za DNS, anwani ya kwanza ilikuwa ya seva ya zamani tuliyoizima tulipohama chumba. Kila jina jipya lilianza kuulizwa kwa seva iliyokufa, ndipo likaenda kwa iliyo hai. Nikaandika dns_nameservers kwenye squid.conf, faili la mipangilio ya Squid, nikitaja seva mbili zinazojibu, nikahakiki kwa squid -k parse, nikaipakia. Yule binti alituma fomu yake kabla ya saa sita.

Mchana, maabara ilipojaa, uzito ukarudi. Safari hii vmstat, amri inayoonyesha hali ya kumbukumbu, ndiyo iliyosema: safu za si na so hazikutulia kwenye sifuri, yaani mashine ilikuwa inahamisha kumbukumbu kwenda kwenye diski na kuirudisha. Kosa hili lilikuwa langu. Seva ina RAM ya GB 4, nami nilikuwa nimeweka cache_mem GB 3 nikidhani hicho ndicho kikomo cha Squid nzima. Sicho. Ni nafasi ya vitu vinavyowekwa kwenye RAM tu. Faharasa ya kache ya diski huhesabiwa juu yake, takriban MB 14 kwa kila GB, na diski yetu ya kache ilikuwa GB 100, karibu imejaa. Hapo tayari ni GB 1.4 zaidi, kabla hujahesabu mfumo wenyewe. Nikashusha cache_mem hadi MB 512 na diski hadi GB 40, nikazima Squid na kuiwasha upya. Safu za si na so zikakaa sifuri mchana kutwa.

Likabaki swali la kache yenyewe, maana HIT, yaani maombi yaliyojibiwa kutoka kwenye kache, zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Sehemu kubwa ya logi ni TCP_TUNNEL: tovuti za HTTPS, ambazo proksi inaona jina la seva na kupitisha baiti tu. Ipo njia ya kuzifungua kwa cheti chako mwenyewe. Niliikataa, kwa sababu wanafunzi wanaingia humo kwenye barua pepe zao na akaunti za benki, na sina haki ya kukaa katikati.

Ila masasisho ya Ubuntu yalikuwa yanapita kwa HTTP ya kawaida, na mashine 40 zinavuta mafaili yaleyale. Kwa nini yale makubwa yote ni TCP_MISS, yaani hayakutoka kwenye kache? Kikomo cha kawaida cha kitu kimoja kwenye diski ni MB 4. Nilikuwa nimekipandisha, lakini mstari wa maximum_object_size niliuandika chini ya cache_dir, mstari unaoweka kache ya diski, na Squid husoma kwa mpangilio. Nikauhamishia juu, MB 512, nikaongeza refresh_pattern, kanuni ya muda wa kutunza nakala, kwa mafaili ya .deb (vifurushi vya programu za Ubuntu), nikaiwasha tena.

Mashine ya kwanza ilivuta faili la LibreOffice kwa dakika mbili, TCP_MISS. Ya pili, sekunde tatu, TCP_HIT. Nilimwita mkuu wa idara aje aone mistari hiyo miwili kwenye skrini. Barua yake bado iko kwenye droo. Tutaihitaji maabara ya pili ikifunguliwa.