Saa kumi na moja

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekwama Mathayo 20, ule mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Tumezoea kuhubiri ile dinari waliyolipwa wote sawa, mi nimeganda mstari wa 6 na 7. Saa kumi na moja jioni mzee anakuta watu bado wamesimama tu, anawauliza mbona mko hapa mchana kutwa bila kazi, wanamjibu hakuna mtu aliyetuajiri. Na anawaamini! Hawaiti wavivu wala vibaka, anawaambia nendeni na nyie shambani.

Sisi wa Mbagala saa hiyo tukipita kijiweni tunakumbatia pochi. Sikatai, mnakumbuka Januari 2015 Panya Road, wale vijana wa mapanga, walivyotutoa roho hapa Dar, maduka yanafungwa mapema, watu wanakimbia hata hawajui wanakimbia nini, na aliyekatwa panga usimwambie habari za kumuelewa mtu. Ila wale madogo si walizaliwa humu humu mitaani kwetu? Matokeo ya form four ya 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro, shule zetu za kata ndo zikaumia zaidi, mwalimu wa fizikia hamna, maabara hamna. Mwenye hela akampeleka mwanae kurisiti, asiye nayo wake akarudi mtaani.

Mtaniambia ada si ilifutwa 2016, kweli kabisa na tunamshukuru Mungu. Lakini hebu nendeni kituoni Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri (saa ileile, ila ya asubuhi) muone konda anavyoziba mlango wanafunzi wasipande kwa vile nauli yao ndogo. Dogo anafika namba imeshapita, anakula fimbo, kesho hivyohivyo, keshokutwa hivyohivyo, mpaka siku anaona bora asiende. Mwenzie gari la shule linampigia honi getini. Halafu mwisho wa mwaka tunasema yule ana akili huyu kichwa maji.

Jumanne nikajikaza nikasimama pale kijiweni, nikawasalimia, nikauliza kama mwenye shamba, wanangu mbona mko hapa tangu asubuhi? Wakatazamana. Mmoja akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akaniuliza, "Mama, kwani una kazi?"

Sikuwa nayo.